Kapu Ambalo Halikuchomwa

Mwaka ule uyoga wa Moja ulipoota ndani ya trekta la parokia ukalisukuma hatua nne bila dereva, mimi ndiye niliyerukia usukani. Hadithi hiyo watu wa Itulavanu wanaipenda. Wanaipenda pia ile ya kofia moja ya uyoga iliyokinga mvua harusi nzima, wapishi na masufuria yao wakiwemo. Zote uongo. Nilizisimulia getini kwa miaka thelathini na moja, kwa watu waliosubiri nimalize kupekua mizigo yao. Mtu anayecheka haoni vizuri kinachotolewa kwenye mzigo wake.

Hii ya leo haina trekta.

Dokta Wende alifika siku ya nne baada ya kilima cha Lyasa kushuka. Kilishuka asubuhi, watu wakiwa wanakunywa uji, kikawafukia kina Mgata wote watano, na miti ikaja nayo imesimama wima kama waombolezaji. Nilikuwa uani kwangu nakoroga pumba za kuku. Mtani wangu Osmundi Gama, Mngoni, alikuwa amekaa kwenye kigogo ananisimanga kwamba kuku wangu wamekonda kwa kusikiliza uongo.

"Shikamooni," akasema yule binti. Kiatu kimoja kilikuwa kimejaa tope. Begani alikuwa na kasha la baridi, lile la kubebea chanjo.

"Marahaba. Kama umeleta dawa ya panya, mwenzako alishaleta. Panya wakanenepa."

Hakucheka. "Mimi ni Wende Kivinge, wa Idara ya Utandu. Namtafuta mkaguzi wa geti, Yeremia Chengula."

"Alikuwa mkaguzi," Gama akadakia. "Sasa anakagua mayai, na hata hayo anayaongezea idadi."

Binti akaketi bila kukaribishwa, akafungua daftari, akasoma kwa sauti: "Kichupa namba themanini na nane. Kapu la bibi harusi Anyesi Mdemu. Kofia kahawia kama mkate ulioungua kidogo. Harufu ya mvua ya kwanza. Shina lina pete, kama kidole cha mke wa diwani." Akaniangalia. "Uliandika wewe?"

"Mwandiko wangu huo."

"Anyesi Mdemu ni mama yangu. Nilisoma maneno haya nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ndiyo yaliyonifanya nisomee uyoga, babu."

Nikaendelea kukoroga pumba, ingawa zilikuwa zimeshalainika.

*

Kwa wale waliozaliwa juzi, lazima niseme mambo yalikuwaje.

Kabla ya Moja, kila msitu ulikuwa na utandu wake: nyuzi nyeupe chini ya udongo, zinazonyonyesha mizizi ya miti na kushikilia vilima visiteremke. Uyoga unaouona juu ni kama ua tu, mwenye mti yuko chini. Kisha ikaja ile miaka ya ukame na dawa za kunyunyiza, utandu ukafa karibu wote, ukabaki kwenye vichuguu vichache, miti ikafuata. Idara ikaunda utandu mpya maabara, ukapandwa nyanda zote za juu. Ukaitwa Moja. Ulikua haraka, ulishika udongo, ulitoa uyoga mweupe, mtamu, usio na sumu hata chembe. Mahindi yalipokuwa yamekataa, Moja ndiyo iliyotulisha. Nisiseme uongo, iliniokoa na mimi.

Ila Idara iliogopa kitu kimoja: uyoga wa porini usije ukachanganyika na Moja ukaitia sumu. Ndiyo maana pakawekwa mageti. Ndiyo maana nikapata kazi. Na adui mkubwa wa geti hakuwa mwizi wala mlanguzi. Alikuwa bibi harusi.

Huku kwetu msichana aliyekwenda kuolewa alibeba kapu la nyasi za milulu lililosukwa kwa kulegezwa makusudi, matundu yakapitisha kidole. Ndani aliweka uyoga wa kichuguu cha kwao, kofia zikiwa zimefunguka kabisa. Alikwenda kwa miguu, na kila mpaka wa kijiji, kila kijito, alilipiga kapu kwa goti mara tatu. Kufika kwa mume, kilichobaki alikimwaga kwenye kichuguu cha huko. Ukiwauliza wazee sababu, walisema ni ili ardhi ya ukweni imzoee. Idara ikaita huo uchafuzi. Kapu likifika getini, mkaguzi anakata kipande cha uyoga, anakitia kwenye kichupa chenye namba, anaandika maelezo, kichupa kinakwenda hazina ya Idara. Kapu linachomwa. Wengi walilia. Niliwasimulia trekta.

*

"Moja inazeeka," Wende akasema. Alikuwa amekubali chai. "Ina miaka arobaini na mitano. Nyuzi zinakatika zenyewe. Lyasa ni mwanzo tu, babu. Nimepima vilima kumi na vinne, na tisa havifiki masika yajayo."

"Basi si izae? Kila kitu kinazeeka, kinaacha watoto."

"Nyinyi kina Chengula mnaoa kina Chengula?"

"Tutachapwa."

"Uyoga nao ni hivyo. Hauna dume na jike, una koo. Na si koo mbili wala kumi, ni maelfu. Kila uzi mchanga unaotoka kwenye lile vumbi la chini ya kofia una majina mawili ya ukoo. Ukikutana na mwenzake, wanaulizana. Jina la kwanza likifanana, hakuna ndoa. La pili likifanana, hakuna ndoa. Lazima yote mawili yatofautiane. Porini zamani haikuwa taabu, karibu kila uliyekutana naye alikuwa mgeni. Mabibi harusi walikuwa wanabeba koo kutoka msitu hadi msitu. Sisi tukaona uchafu."

"Na Moja?"

"Moja ni mtu mmoja. Kuanzia hapa mpaka ziwani, ukoo mmoja, jina lilelile. Waliitengeneza iote bila ndoa, na kwa muda iliweza. Sasa vumbi lake linaanguka juu ya ndugu zake tu."

Gama alikuwa amesogeza kigogo chake karibu asikie vizuri.

Wende akapapasa lile kasha. "Ila tuna hazina. Mageti mengine vichupa vilioza, hawakufunga vizuri. Geti la Itulavanu pekee lina vichupa mia nne na kumi na viwili, vizima, kila kimoja na maelezo yake. Nimevifungua kumi na kimoja mpaka sasa. Vyote kumi na kimoja vina Moja tu. Nadhani Moja iliingia ikala kilichokuwemo. Lakini siwezi kukata tamaa mapema. Nitavipima vyote. Miezi mitatu, labda minne. Ninachotaka unisaidie, babu, ni kuniambia vipi vilifungwa vizuri zaidi, nianze navyo."

Nitasema ukweli wa dakika ile, maana ndiyo ninayoiota. Niliona mlango uko wazi kabisa. Moja iliingia. Nani angebisha? Ningemchagulia vichupa ishirini, nikamwambia anza na hivi mwanangu, akaondoka na kasha lake, akahangaika miezi minne, na mimi nikabaki mwandishi wa ile pete ya mke wa diwani. Vilima tisa vingesubiri au visingesubiri.

"Mtani," Gama akasema polepole, "mbona umeloa jasho na jua halijatoka?"

*

Niliwapeleka getini. Zamani lilikuwa boma la matofali, sasa limebaki tanuri la kuchomea makapu, lililojaa majani, na ngazi niliyokuwa nikikalia. Nyuma ya tanuri pana kichuguu kidogo, na juu yake, kama siku zote, uyoga wa Moja ulikuwa umejipanga mweupe.

"Kutoa kipande kwenye kila kapu kulichukua nusu saa," nikasema. "Kukata kwa wembe uliochemshwa, kutia, kuziba kwa nta. Foleni ya mizigo ilikuwa ndefu na wakwe wana hasira. Mwezi wa kwanza nilifanya. Vile vichupa vya mwezi ule vilipotea, vilivunjika na gari. Mwezi wa pili nikagundua kwamba huko mjini hawaangalii, wanahesabu tu. Basi nikawa nakuja hapa asubuhi, nakata Moja kwenye hiki kichuguu, najaza vichupa vya mwezi mzima. Jioni naandika maelezo."

Wende akafungua daftari. "Maelezo ulitoa wapi?"

"Kichwani."

"Mkate ulioungua?"

"Nilikuwa na njaa."

"Harufu ya mvua ya kwanza."

"Dokta..."

"Kapu la mama yangu uliliangalia hata ndani?"

Ningependa kusema ndiyo. Sikumbuki hata sura ya yule mwanamke. Nakumbuka tu kwamba siku ile nilisimulia trekta, kwa sababu kila siku nilisimulia trekta. Nikamwambia hivyo.

Alifungua lile kasha, akatoa kichupa namba themanini na nane, akakitazama kwenye mwanga, kisha akakiweka taratibu juu ya kichuguu, mahali kilipotoka. Sikusikia akilia. Alinipa mgongo, na Gama akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwambie na la Lukresia."

"Hilo si la Idara."

"Mwambie, Chengula. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi nitaliharibu."

*

Lukresia alikuwa mke wangu. Alikuja kuolewa kutoka bondeni, siku mbili kwa miguu, na geti la njia yake lilikuwa langu. Bwana harusi ndiye mkaguzi. Nikamwambia, leta kapu nilichome, watu wanatazama. Akasema, "Choma, halafu urudi peke yako nyumbani kwenu ukawaeleze." Nikachoma kapu tupu la mpishi wa harusi. La kwake liliingia ndani ya koti langu la kazi.

Alilimwaga kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba, penye miombo mitatu mizee ambayo Moja haikuwahi kuipenda. Kila masika uliota uyoga wa kahawia, tukala kwa siri, dirisha limefungwa. Mimi, mkaguzi. Akafa miaka sita iliyopita, akiwa ameomba azikwe pale pale. Tangu hapo umekuwa ukiota juu yake na sijaugusa.

Tulipofika, Wende alipiga magoti kaburini. Aligeuza kofia moja bila kuichuma, akaiwekea kioo chini, akasubiri. Kile kioo kilipata vumbi la rangi ya ngozi. Akakiingiza kwenye mashine yake ndogo, na ile mashine ikafikiri kwa muda wa kunywa kikombe.

"Koo nne," akasema hatimaye. "Mama mmoja, mabinti wa aina nne, na hakuna hata mmoja mwenye jina la Moja." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mgonjwa amefumbua macho. Kisha ukajifunga tena. "Haiwezekani."

"Kwa nini? Wachumba si hao?"

"Wataoana, ndiyo. Watoto watashika vilima, naamini. Lakini huyu wa mkeo ana ndugu wa karibu wenye sumu, nimeona hapa. Yeye hamdhuru mtu. Akichanganyika na Moja, watoto wengine watakuwa salama na wengine wataua, na wote wanaweza kufanana. Mbuzi anakula huo na hafi, kwa hiyo mbuzi hanisaidii. Maabara itachukua miaka. Na watu hapa..." Akanyoosha mkono kuelekea kijijini, moshi ukipanda kwenye majiko. "Watu hapa wanachuma chochote chenye kofia. Watoto wanakula wakiwa njiani kwenda shule. Miaka arobaini na mitano tumewafundisha kutokuogopa. Nikiumwaga huu, nitakuwa nimewaua kwa mkono wangu."

"Na usipoumwaga?"

"Kitakuwa kimewaua kilima."

"Tofauti ni nini?"

"Kilima hakitabeba jina langu."

Gama akachuchumaa. "Kwao Lukresia walikuwa wanafanyaje? Wao waliokula wa porini na hawakuisha."

Nilijua. Alinisimulia mara nyingi. Uyoga mgeni ukiota, mkubwa kwa umri katika nyumba anakula kwanza, mbele ya watu, mchana. Wengine wanasubiri siku tano. Bibi yake Lukresia alikufa hivyo, na uyoga ule ukapewa jina lake ili usisahaulike, na watu kumi na mmoja wa nyumba ile hawakuugusa.

"Mkubwa kuliko wote Itulavanu," Gama akasema, akinitazama, "kwa bahati mbaya ni wewe. Umenizidi miezi miwili, na hilo nalo nadhani umeongopa."

*

Wende alikataa siku tatu. Siku ya nne nyufa zilionekana juu ya shule. Alikuja uani akasema neno moja tu: "Beba."

Kwa hiyo mimi, mzee wa miaka sabini na moja, nilikwenda kama bibi harusi. Nilisuka kapu mwenyewe, vibaya, matundu yakapitisha vidole viwili, nikatia ndani uyoga wa Lukresia. Nilitembea vijiji tisa, na kila mpaka nilipiga kapu kwa goti mara tatu, goti lenyewe lile lenye baridi yabisi. Gama alikuja nyuma akipiga vigelegele, maana mtani hakosi nafasi. Watoto walitufuata wakicheka. Katika kila kijiji nilisimama nikasema: masika yajayo utaota uyoga usio mweupe, msile, msubiri nile mimi kwanza, zipite siku tano.

Walinipigia makofi. "Na trekta je, mzee?" wakauliza.

Niliapa. Nilitaja jina la mama yangu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, na mwanamke mmoja kule Mtitafu akaniambia kwa upendo kabisa, "Mzee Chengula, wewe hata ukifa tutasubiri siku ya pili ndipo tuzike, tuhakikishe."

Wende ndiye aliyesikilizwa kidogo. Alipaka miti rangi, akabandika matangazo, akazungumza na walimu. Lakini usiku wa kuamkia mvua alisema, "Babu, njaa haisomi matangazo. Wanamsubiri mtu waone."

*

Masika yalipofika, kilima cha shule hakikushuka. Wende alichimba akanionyesha: nyuzi changa, nene, zimefumana na mizizi kama vidole vya wanaoshikana mikono. Ulikuwa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi miombo kutoa yale majani yake mekundu mpaka kwenye matawi ya chini. Ningependa kuishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Uyoga wa kwanza uliota nyuma ya shule, si mweupe wala si kahawia, rangi ya maziwa yaliyoingia moshi. Ulikuwa mzuri. Nilikula Jumatatu, saa nne asubuhi, uwanjani, kijiji kizima kimekaa. Wende aliuchemsha mwenyewe, akautia chumvi. Ulikuwa mtamu kuliko Moja, na nilisema hivyo, na ninajuta kusema.

Jumanne nilikuwa mzima. Watu wakaanza kuleta vikapu.

Jumatano alasiri maumivu yakaja. Si makali. Kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu uwanjani, Wende pembeni na kitabu chake, akina mama na masufuria yao wakingoja. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Vipi mzee, tumbo linasemaje?"

Nikamtazama Wende. Hakujua bado. Nilikuwa na nafasi ya siku moja, labda mbili, ya kusema niko salama. Angefurahi binti yule. Angekwenda na hizo nyuzi nyanda zote, na vilima vyote vingesimama. Mimi ningekufa kitandani kwangu na wangesema ni uzee. Ningekuwa nimejaza kichupa cha mia nne na kumi na tatu.

"Linauma," nikasema.

Wakacheka. Uwanja mzima, mpaka mama mmoja akadondosha mfuniko. Mwenyekiti alijifuta machozi. "Mzee Chengula bwana! Haya, na trekta limefika wapi?"

"Linauma kweli. Msiule huu. Huu wenye rangi ya moshi. Wekeni masufuria chini."

Wakacheka tena, lakini Wende alikuwa amesimama. Alinishika kiganja, akanivuta ukope wa chini, akaona manjano. Kisha akaanza kupita kwenye vikapu, kimoja kimoja, akimwaga, akikanyaga, na wanawake wakamzomea.

Gama naye hakucheka. Yeye ambaye kazi yake kwangu, maisha yote, ni kucheka, na ambaye siku ya maziko yangu ana haki ya kuruka kaburini na kunisimanga mbele ya padri. Alinyanyua kiti chake akakileta karibu na changu, viti vikagusana.

"Kule mtoni umeota mwingine," akasema. "Kofia yake ina michirizi."

"Nimeusikia."

"Huo ni wangu. Baada yako mkubwa ni mimi."

"Miezi miwili tu."

"Miwili inatosha."

Nimeomba karatasi, na Wende ameniletea moja ya zile za zamani, zenye mstari wa namba na mstari wa maelezo. Nimeandika: Namba moja. Mtoto wa Moja na wa Lukresia. Rangi ya maziwa yenye moshi. Hauna harufu ya mvua, hauna pete, haufanani na mkate. Unaua. Umeonjwa na Yeremia Chengula, Itulavanu.

Huko uwanjani bado wapo wanaocheka, nawasikia. Nimemwambia Wende asigombane nao, aziwekee mawe zile sufuria tu zisifunguliwe mpaka kesho kutwa. Kesho kutwa watanisadiki, na sitahitaji kusema kitu.